Fundi Irja na Bunduki Iliyokataa Baridi

Alhamisi adhuhuri, siku mbili kabla ya mashindano ya majira ya baridi, bunduki ya Marlys Tervonen ilikwama mara nne ndani ya risasi kumi. Ilikwama mbele ya watu sita, na fundi aliyeitengeneza, Irja Hautala, alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, kikombe cha kahawa mkononi. Nilikuwapo. Mimi ndiye ninayeshika saa ya klabu yetu ya shabaha, kazi niliyopewa kwa sababu nafundisha chuoni, na watu wa kwetu wanaamini mwalimu hakosei hesabu.

Mara ya kwanza Irja alikunywa kahawa. Mara ya pili alikiweka kikombe juu ya theluji. Mara ya tatu ganda la risasi lilisimama wima katika dirisha la bunduki linalotolea maganda, limebanwa nusu ndani nusu nje, kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa darasani. Mara ya nne alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Haiwezekani," alisema. "Haiwezekani kabisa! Nimepiga risasi mia mbili nyumbani. Mia mbili, Onni! Haikukohoa hata mara moja."

"Basi leo ina mafua," akajibu Onni Ruona, msimamizi wa uwanja, mzee mwenye ndevu zilizojaa barafu kuanzia Novemba hadi Machi.

Watu walicheka, isipokuwa Marlys. Alikuwa akijaribu kuvuta mpini wa kukokia kwa mkono wa kushoto, na vidole vilikuwa vikiteleza kimoja kimoja. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpitia akiwa amesimama jikoni. Kilimrudishia mguu, kikamrudishia maneno, lakini mkono wa kushoto kiliurudisha nusu tu. Anaweza kuulaza mtutu juu ya kigasha kama mtu anayebeba kuni, anaweza kulenga, anaweza kufyatua kwa mkono wa kulia vizuri kuliko wengi wetu. Kuvuta mpini ule mgumu kwa haraka hawezi.

Onni alimwendea na kusema kwa sauti ya chini, ingawa kwenye baridi ile sauti ya chini haipo.

"Marlys, dada yangu, sheria unaijua. Bunduki ikikwama, mwenyewe anaikwamua. Sekunde ishirini. Akishindwa, anatoka."

"Naijua. Niliiandika mimi. Wewe ulikuwa unaipinga."

"Jumamosi ikikwama hivi nitakutoa kwenye orodha, na si ya siku hiyo tu. Siwezi kumweka mtu kwenye mstari na bunduki yenye risasi asiyoweza kuifungua. Usinichukie."

"Nitoe," alisema Marlys. "Lakini isubiri ikwame kwanza."

Marlys aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja kwenye barabara zetu za theluji na hakuwahi kumwacha mtoto njiani. Baada ya kiharusi walimnyang'anya leseni ya basi, kisha daktari akamwambia aache mashua, kisha binti yake akamfichia ngazi ya kupandia paa. Kila mara alikubali. Klabu ya shabaha ilikuwa kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyekuwa amekichukua.

*

Irja ana miaka sitini na moja. Hakuolewa. Alimuuguza baba yake mpaka mwisho katika nyumba ileile aliyozaliwa, kilomita tatu kutoka ziwani, na alipobaki peke yake akauza ng'ombe na kuendelea na ufundi. Alianza na cherehani za kiwanda cha makoti kabla hakijafungwa. Zikafuata misumeno ya mota na pikipiki za theluji, kisha bunduki. Kwake zote ni kitu kimoja: chuma kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, na kinachotakiwa kurudi kwa wakati.

Ana masikio ambayo mimi nayaonea wivu. Mtu akipita barabarani na gari, Irja anainua uso kutoka kwenye kazi na kusema, "Pekka abadilishe mkanda wa injini." Wiki moja baadaye Pekka amekwama kando ya njia.

Bunduki fupi ndiyo inayompandisha damu. Watu wengi huziona kama bunduki za kawaida zilizokatwa, lakini ukisema hivyo mbele ya Irja utakaa pale nusu saa ukielimishwa. Ndani ya bunduki ya namna hii, moshi wa baruti unachotwa kupitia tundu dogo juu ya mtutu na kurudishwa nyuma kuisukuma bolti, kile chuma kinacholitoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Mtutu ukiwa mrefu, moshi una nafasi ya kufanya kazi yake kwa utulivu. Ukiukata mtutu, kila kitu kinakuwa cha haraka na cha ghadhabu. Ndiyo maana nyuma ya bolti, ndani ya kitako, kuna springi na kipande kizito cha umbo la chupa ndogo, ambacho mafundi wanakiita bafa. Bafa nzito huichelewesha bolti, ikaenda kwa adabu. Bafa nyepesi huiachia ikimbie. Ukizidisha uzito, bolti hairudi nyuma vya kutosha na risasi mpya haiingii. Ukipunguza mno, bolti inakwenda mbio hata magazini, kile kisanduku cha risasi, haiwahi kuinua risasi nyingine. Kati ya mambo hayo mawili kuna njia nyembamba, na Irja amekula miaka kumi na tano akitembea juu yake.

Ya Marlys aliijenga tangu msimu wa majani kuanguka. Mtutu wa inchi kumi na nusu, mwepesi, ili ule mkono nusu uweze kuubeba. Karatasi za serikali zilichukua miezi yake, jina la Marlys na la mji wetu likachongwa ubavuni kama sheria inavyotaka, na Irja akaijaribu siku baada ya siku. Aliijaribu kwa njia yake: risasi moja tu ndani ya magazini, piga, kisha tazama. Ikiwa bolti imerudi nyuma kabisa, inashikwa na kubaki wazi. Ikiwa haikufika, inajifunga juu ya utupu. Mara kumi mfululizo. Tisa kwa Irja ni sawa na sifuri.

Na nyumbani kwake ilipata kumi kila mara.

*

Alhamisi ileile saa kumi alasiri alinipigia simu. Hakusema hata habari.

"Mwalimu, njoo uone maajabu. Mlete na Marlys. Njooni sasa hivi kabla jua halijazama."

Nilimpitia Marlys. Tulipovuka daraja alisema: "Akianza kuniomba msamaha nitashuka nitembee."

Karakana ya Irja ni chumba cha mbele cha sauna ya baba yake, kile kibanda cha kuogea kwa joto la jiko, pale ambapo kwa watu wengine ni pa kuvulia nguo. Meza ya kazi imesimama dhidi ya ukuta wa jiko. Irja huwasha jiko lile karibu kila siku wakati wa baridi, si kwa kuoga tu, bali kwa ajili ya vidole vyake vinavyouma. Akitaka kujaribu bunduki, anafungua mlango wa nyuma unaotazama kilima cha mchanga, anasimama kizingitini, anapiga, anafunga mlango joto lisitoke.

"Tazameni," alisema tulipoingia. Uso ulikuwa umemwiva kwa joto na hasira. "Nimeirudisha hapa, nimeipangusa, sijagusa kitu kingine. Tazameni!"

Alifungua mlango na kupiga. Wazi. Risasi moja tena. Wazi. Alipiga mara kumi na mara kumi bolti ilibaki nyuma, na kila mara alitugeukia akipiga kelele, "Unaona? Unaona!" kama mtu aliyemkamata mwizi ambaye polisi hawamwamini.

"Inanichezea," alisema. "Kwangu malaika, kwa watu shetani."

Marlys alikuwa ameketi kwenye benchi akijifungua koti kwa shida, maana mle ndani palikuwa moto wa kutoa jasho. "Nipe," alisema. Irja alihakikisha ni tupu, akampa. Marlys aliilaza bunduki juu ya kigasha cha kushoto, akakiweka kitako begani, akalaza shavu. Kisha akainua shavu. Akalilaza tena.

"Irja. Mbona ni ya moto?"

"Ya moto vipi? Nimepiga risasi kumi."

"Risasi kumi hazichemshi kitako. Shika hapa. Na hizo risasi zilikuwa wapi?"

Irja alitazama juu ya rafu iliyokuwa juu ya jiko. Boksi la risasi lilikuwa pale, kati ya sufuria na soksi zinazokauka.

"Wewe mwanamke," alisema Marlys polepole, "miezi mitatu umekuwa ukiikogesha bunduki yangu sauna!"

Sijawahi kumwona Irja akicheka hivyo. Alianza bila sauti, mabega tu, halafu akashuka ukutani mpaka akaketi sakafuni na miguu imenyooka mbele, machozi yakimtoka. Marlys naye akashikwa. "Mia mbili!" alikuwa akisema. "Risasi mia mbili, zote zimeoga, zimekunywa kahawa!" Mimi pia nilicheka, ingawa kwa kawaida si mwepesi wa kucheka.

Irja aliponyamaza, alijifuta uso kwa kitambaa cha mafuta na kuacha mstari mweusi kwenye paji.

"Baruti ya baridi inasukuma kidogo," alisema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia sisi. "Mafuta yanaganda. Raba za ndani ya bafa zinakuwa mawe. Na mimi nimeweka uzito wote. Mungu wangu, mtoto mdogo angelijua hili."

"Tuna siku moja," alisema Marlys.

"Tuna mchana mmoja," alisema Irja, na tayari alikuwa amesimama.

*

Usiku ule bunduki ililala ndani ya banda la kuni, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, pamoja na risasi zake. Ijumaa sikuwa na vipindi. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, kipimajoto kikisoma digrii ishirini na tatu chini ya kuganda. Marlys alikuwa ameshafika, ameketi juu ya gogo nje ya banda kama mtu anayesubiri basi.

Irja alitangaza utaratibu. Hakuna kitu kitakachoingia ndani ya joto isipokuwa bafa yenyewe, kwa dakika ya kuifungua. Kila jaribio litafanywa nje, na baada ya kila jaribio bunduki italala bandani saa nzima na zaidi ipoe upya. Kwa hesabu yake mchana ule ulikuwa na majaribio manne, labda matano kama tutaacha kula.

"Hatuachi kula," alisema Marlys.

Jaribio la kwanza lilikuwa la bunduki kama ilivyo. Risasi moja moja. Kumi. Bolti ilibaki wazi mara nne tu.

"Nne," alisema Irja kwa furaha, kana kwamba ameshinda bahati nasibu. "Nne! Afadhali ugonjwa unaojionyesha."

Aliingia na bafa, akagonga pini ndogo kwa nyundo ya shaba, akavimimina vizito vitatu juu ya kiganja. Vilikuwa vipande vitatu vya tungsteni, kila kimoja kidogo kama kipande cha chaki lakini kizito kuliko macho yanavyotegemea, na kati yake visahani vya raba. Marlys, aliyemfuata mpaka mlangoni, aliviona.

"Vyote vitatu?"

Irja alivimwaga vizito mezani. "Nilitaka isikuumize," alisema. "Uzito wote ule, bunduki inasukuma kama mto wa manyoya. Bega lako, mkono wako. Nilidhani..."

"Nani alikuomba isiniumize?"

"Hakuna."

"Watu wote wananiwekea mito, Irja. Binti yangu amefunga sponji kwenye kona za meza. Nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye mtu pekee katika mji huu asiyejua kumhurumia mtu." Alikuwa amesimama kizingitini, mvuke wa pumzi yake ukiingia ndani kabla yake. "Nilikuomba ifanye kazi. Basi."

Nilitazama chini. Ni jambo gumu kumwona mtu mwema akiambiwa kwamba wema wake ndio uliokosea. Lakini Irja si mtu wa kukaa na aibu wakati kuna kazi. Alivifagia vile vizito vyote kando ya meza, akatia vitatu vya chuma cha kawaida.

"Sawa," alisema. "Basi jiandae kupigwa."

Jaribio la pili, saa nne. Bafa nyepesi kuliko zote. Wazi, wazi, wazi, mara kumi! Nilipiga makofi ndani ya glavu. Irja aliinua mkono kuninyamazisha, akampa Marlys magazini nzima ya risasi thelathini. "Piga mpaka iishe, haraka. Iache ipate joto."

Marlys alipiga. Ilikuwa inamrusha, niliona bega likirudi kila mara. Maganda yaliruka kuelekea mbele, mbali, yakizama kwenye theluji na kutoa vimoshi. Kumi, kumi na tano, ishirini. Kwenye ya ishirini na mbili ikabofya tu. Bolti ilikuwa imekimbia mbele kabla risasi haijapanda, ikajifunga juu ya utupu.

"Sasa ina haraka mno," alisema Irja, na alikuwa akitabasamu. Alipiga magoti kwenye theluji, akayaonyesha mashimo madogo ambayo maganda ya moto yameyayeyusha. "Tazama yalivyoangukia mbele huko. Hii imelewa. Ya asubuhi yote yalidondoka nyuma ya mguu wangu, ilikuwa imechoka. Nayataka hapa, ubavuni, sambamba na bega. Hapa!" Alichora mstari kwa kidole.

Tulikula mikate ya nyama na viazi tukiwa tumesimama, tukasubiri baridi ifanye kazi yake. Jaribio la tatu, vizito viwili vya tungsteni na kimoja cha chuma. Saba, nane, na Marlys akawa anahesabu kwa sauti, tisa... na ya kumi ikajifunga.

"Tisa," nilisema. "Si mbaya, Irja."

Wote wawili walinigeukia kwa wakati mmoja kama niliyetukana.

"Mwalimu," alisema Marlys, "ukiwapeleka watoto kumi na ukarudi na tisa, si mbaya?"

Saa tisa kasorobo, jua likiwa limeshaanza kuegemea misonobari, jaribio la nne. Kimoja cha tungsteni, viwili vya chuma. Irja alikuwa amebadilisha mafuta pia, akayatoa yale mazito yote na kupaka membamba kama maji. Alipiga ya kwanza na kufumba macho, akisikiliza. Alipiga ya pili. Kufika ya saba hakuna aliyekuwa anapumua. Ya kumi ilibaki wazi, na yeye akabaki amesimama hivyohivyo, amefumba macho.

"Marlys. Thelathini."

Thelathini zilitoka kama mtu anayeteremka ngazi anazozijua. Maganda yalitua ubavuni, karibu juu ya ule mstari wa kidole. Ya mwisho ilipotoka bolti ilikaa nyuma. Irja alitupa kofia hewani. Nasema kweli: mwanamke wa miaka sitini na moja, alitupa kofia hewani, na ikanasa juu ya tawi.

"Na bega?" alimuuliza Marlys.

"Linauma," akajibu Marlys, uso ukimng'aa. "Linauma vizuri sana."

*

Jumamosi iliamka na digrii ishirini na nane chini. Kwenye uwanja wa klabu, ambao ni shimo la zamani la kokoto, watu ishirini na sita walikuwa wakirukaruka mahali pamoja na kunywa kahawa. Bunduki zote zilisimama nje kwenye vibao vya kuziegemeza, midomo juu, kama desturi ilivyo. Hakuna anayeruhusiwa kuiingiza bunduki kwenye kibanda, maana ikitoka na unyevu inaganda. Marlys alikuwa amepangwa wa ishirini na moja. Maana yake ni kwamba bunduki yake ingesimama pale zaidi ya saa mbili, katika baridi kali kuliko ile ya Ijumaa.

"Digrii tano," Irja aliniambia, akinishika mkono wa koti. "Sikujaribu digrii tano hizi."

"Zinaleta tofauti?"

"Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nakushika."

Hatua ya kwanza ilikuwa risasi nane. Marlys alizimaliza. Ya pili, kumi, kutoka nyuma ya pipa. Alizimaliza, na alikosa moja kwa kosa lake mwenyewe, akaitukana kwa Kifini, lugha ya babu zetu. Bunduki za vijana zilikuwa zinakwama kushoto na kulia. Mmoja mwenye bunduki ya kifahari alipoteza sekunde kumi na tano akiipiga kwa kiganja, na Onni akawa anasema bila huruma, "Endelea, endelea, saa haigandi."

Hatua ya mwisho ilikuwa ndefu: risasi ishirini na nne, sahani za chuma ishirini na nne, ukitembea kutoka kizuizi hadi kizuizi. Marlys alirudi kibaoni kusubiri zamu, na kulikuwa na ucheleweshaji. Sahani moja ilianguka, watu wakaenda kuipandisha. Dakika ishirini nyingine. Upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani.

Nilibonyeza saa. Marlys alianza.

Sahani ya kwanza ililia. Ya pili, ya tatu. Irja hakuwa anatazama shabaha hata kidogo. Alikuwa ameinama, mikono magotini, akitazama theluji upande wa kulia wa Marlys. Maganda yalitua ubavuni, pale pale. Kisha Marlys akasogea kwenye kizuizi cha pili, na Irja akasema kwa sauti ndogo, "La."

Niliona alichokiona. Maganda yalikuwa yanarudi nyuma. Shibiri moja. Sasa shibiri mbili. Hata mimi, mwenye masikio ya kawaida, nilisikia kwamba mlio una kitu kinachoburura, kama mtu anayevuta mguu.

"Inapoa," alisema Irja. "Upepo umeiingia. Haraka, Marlys, haraka, ipe joto, usiiache ipumzike..."

Haturuhusiwi kumsemesha mpigaji, naye Marlys amevaa viziba masikio. Lakini alikuwa amesikia kwa bega. Nilimwona akitulia nukta moja kwenye kizuizi cha tatu, akakaza kitako ndani ya bega lile lile lililovimba, akalisukuma mbele kwa mwili wote ili bunduki isipate pa kulegea, akaacha kulenga kwa utaratibu wake wa kawaida. Alianza kupiga mfululizo. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, chuma kikilia juu ya chuma. Ganda moja lilidondoka karibu kabisa na kisigino chake, na Irja alitoa sauti kama mtu aliyechomwa sindano. Kumi na nane. Ganda lililofuata liliruka mbali kidogo. La ishirini, mbali zaidi.

"Imerudi!" Irja alipiga kelele, sheria au si sheria. "Imerudi, imerudi!"

Ishirini na mbili. Ishirini na tatu akakosa. Ishirini na nne ililia, na bolti ikarudi nyuma na kukaa.

Onni alimwendea. Utaratibu ni kwamba mpigaji anaonyesha bunduki yake wazi, na msimamizi anachungulia. Marlys aliinamisha mtutu juu ya kigasha cha kushoto, dirisha juu, pumzi ikimtoka kama injini. Onni alivua glavu, akaingiza kidole ndani ya dirisha, akakitoa.

"Tupu," alisema.

"Najua ni tupu."

"Ni kazi yangu kusema."

"Basi umesema."

Nilisoma saa kwa sauti. Hesabu ya jioni ilimweka wa kumi na moja kati ya ishirini na sita. Kama si sahani mbili alizozikosa angekuwa wa nane. Onni aliandika, akapuliza kalamu, akaandika tena kwa sababu wino ulikuwa umeganda. Kisha akageuza karatasi, akatafuta orodha nyingine chini yake.

"Nikuweke ya mwezi wa sita, Marlys? Kutakuwa na joto."

"Kuna ya mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili huwa baridi kuliko hii."

Marlys alimgeukia Irja, ambaye alikuwa bado amepiga magoti kwenye theluji akipima kwa shibiri umbali wa kila shimo.

"Fundi! Mwezi wa pili anasema kutakuwa na baridi zaidi."

Irja hakuinua kichwa. Midomo ilikuwa ikimcheza, anahesabu.

"Mwambie aandike," alisema. "Jumatatu tunaanza. Na ulete makoti mawili, maana ndani huingii."